Upepo wa Shimo la Saba

Fundi Ndirangu tulimzika siku ya Ijumaa, na sitajifanya kwamba nilikwenda kumlilia. Nilikwenda kwa sababu niliambiwa Gitau ndiye angezungumza kwa niaba ya wanafunzi wa marehemu, nami nilitaka kumsikia akisema uongo wake mbele ya jeneza. Hakuniangusha. Alisimama pale makaburini Thika na suti yake ya kijivu, viatu vyake vikiukwepa udongo mwekundu, akashika kipaza sauti kama mtu aliyekizoea. "Mimi nilikuwa kijana wa kuzurura tu kule Ruiru," akasema. "Siku moja nikagundua siri ya gemu ya gofu, gemu ambayo kila mtu alikuwa ameshindwa kuielewa. Fundi akaniona. Akanipa kiti kando yake. Hayo maduka yangu yote mnaona, ya Thika na ya Ruiru, yalianzia kwa hiyo gemu." Watu wakampigia makofi, mazishini. Kisha mchungaji akatuomba kila mmoja aache kinyongo chake pale pale kaburini, tuondoke wepesi. Changu nilikuwa nimekibeba zaidi ya miaka thelathini. Sikuona kwa nini nimwachie marehemu.

Siri ile niliigundua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeacha shule kidato cha pili, nachuma kahawa asubuhi katika shamba moja la Ruiru, na mchana naingia mahali popote palipokuwa na kitu nisichokielewa. Ndivyo nilivyofika kwa Fundi Ndirangu. Duka lake la kutengeneza redio lilikuwa na upana wa mlango mmoja, lakini nyuma yake kulikuwa na chumba kirefu chenye dirisha moja la waya, madawati mawili ya kanisa, na televisheni iliyowekwa juu ya kreti za soda. Chumba kilinuka risasi ya kulehemu na maharagwe, kwa sababu mama wa kibanda cha jirani alipikia ukutani mwetu na moshi wake ulipitia kwenye nyufa za mabati. Kando ya televisheni kulikuwa na kabati la kijani ambalo Fundi aliweka vipuri vyake. Kwenye mlango wa kabati hilo ndipo tulipoandika matokeo kwa chaki.

Mashine ya gemu Fundi alipewa na familia moja ya Kihindi ya Thika iliyokuwa ikihama. Ilikuja na pedi mbili za kuchezea na kaseti moja tu, ya gofu. Maandishi yote kwenye skrini yalikuwa ya Kijapani, na hakuna mtu Ruiru aliyeweza kuyasoma. Tuliona mtu mdogo mwenye kofia, fimbo, nyasi za kijani, mabwawa ya bluu, na mstari uliojaa na kupungua ambao ulipaswa kuukamata kwa kidole ili mpira uruke mbali au karibu. Kila ukipiga, namba moja ilipanda kwenye pembe ya skrini. Basi tukafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: tukaamini mwenye namba kubwa ndiye mshindi. Gemu gani nyingine duniani ilikuwa tofauti? Mpira wa miguu mwenye mabao mengi anashinda. Mtihani mwenye alama nyingi anashinda. Kwa miezi mitano tulicheza hivyo, zamu ya saa moja kila mmoja, tukishindana kupiga mpira majini, tukiurudisha nyuma ukikaribia shimo, tukiuzungusha mchangani kama kuku. Kila shimo likiisha, yule mtu mdogo aliinamisha kichwa. Sisi tulisema anatupa heshima. Kuna vijana waliosimama na kumwinamia pia.

Na mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Mia mbili na kumi na nne. Fundi mwenyewe aliiandika juu kabisa ya mlango wa kabati: MUTHONI 214. Nilipita barabarani nikijua kuna mahali jina langu limeandikwa juu ya majina ya wanaume. Lakini kilichonikosesha usingizi kilikuwa kile kiti. Kando ya Fundi, mbele ya meza yake ya kazi, kulikuwa na stuli tupu. Mwanafunzi wake wa awali alikuwa amekwenda Nakuru, na Fundi alikuwa ametangaza mbele yetu sote, kikombe cha chai mkononi: "Mimi hii mashine imenishinda. Atakayenielezea inataka nini, huyo ana akili ya ufundi. Nitamkalisha hapa, mvulana au msichana, sijali." Nilitaka kukaa pale kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Nilitaka kushika chuma kile cha kulehemu na kujua sauti ya mtu inaingiaje ndani ya waya.

Kwa hiyo nilianza kuchunguza. Nilinunua daftari la mistari nikachora mashimo yote kumi na manane, moja kila ukurasa, nikiangalia ramani ndogo ya kila shimo iliyoonekana kwenye skrini: bwawa liko wapi, mchanga uko wapi, mshale wa upepo umeelekea wapi na mpira ulienda wapi. Gitau alizoea kukaa nyuma yangu kwenye dawati. Alikuwa na umri wangu, anacheka haraka, ana mdomo mtamu. Siku nyingi tuligawana chapati moja kwa madondo, yale maharagwe ya mama wa jirani, pale kibandani, na yeye ndiye pekee ambaye hakuuliza kwa nini msichana anachora viwanja vya gofu badala ya kutafuta mume. Hilo lilinitosha kumwita rafiki. Nikitazama nyuma naona lilikuwa jambo dogo mno kumpa mtu funguo zako kwa ajili yake.

Shamba la kahawa nilikochuma lilipakana na uwanja wa gofu wa kweli. Kati yetu na wao kulikuwa na ua wa michongoma na waya. Alhamisi moja nilipita na debe langu karibu na ua, nikamwona kedi mmoja, wale wanaobeba mifuko ya fimbo, amekaa kivulini akimngoja tajiri wake. Nikamsalimia, nikamuuliza, "Huyo mzee wako leo amepiga ngapi?"

"Themanini na nane," akasema.

"Pole. Kwa hivyo ameshindwa?"

"Ameshindwa aje? Huyo amecheza poa sana."

"Kuna mtu namjua alipiga mia mbili na kumi na nne."

Akanitazama. "Mia mbili?"

"Na kumi na nne."

Yule kedi alicheka mpaka akalala chali kwenye nyasi, akipiga ardhi kwa kiganja. "Sasa huyo, dadangu, hata si kushindwa. Huyo alikuwa analima!" Alipopata pumzi akanielezea kupitia kwenye michongoma: unahesabiwa kila pigo, na mwenye machache ndiye bingwa. Nilisimama pale na debe kichwani, nikamwona yule mtu mdogo wa kwenye skrini akiinamisha kichwa. Hakuwa akitupa heshima. Alikuwa akiona aibu kwa niaba yetu.

Mchana huohuo nilikwenda nikacheza mashimo matatu upya, kimyakimya, nikipiga machache. Shimo la tatu lilipoisha mtu mdogo akarusha mikono juu. Hakuwa amewahi kutufanyia hivyo. Nilikuwa na uhakika tisa kwa kumi, lakini nilitaka kumi kwa kumi, nicheze yote kumi na manane mbele ya Fundi, Jumamosi, chumba kikiwa kimejaa. Nilitoka pale nikiwa nimejaa kama chungu kinachochemka, na kwenye kibanda nikamkuta Gitau. Akanisogezea nusu ya chapati. "Una nini leo? Unacheka peke yako."

"Hakuna kitu."

"Muthoni. Niambie mimi peke yangu."

Nikamwambia. Yote, kuanzia kedi hadi mikono juu. Nilimwambia kila kitu isipokuwa kimoja, na si kwa sababu ya ujanja. Madondo yaliisha na mama wa kibanda akatufukuza tupishe wateja. Kitu hicho kilikuwa upepo wa shimo la saba. Nitakirudia.

Jumamosi ilikuwa siku ya kupimiwa kahawa, na karani wa mizani siku hiyo hakuwa na haraka. Nilipofika kwa Fundi, saa nane mchana, nilisikia makelele tangu barabarani. Ndani watu walikuwa wamesimama hadi juu ya madawati. Gitau alikuwa na pedi. Alikuwa amefika shimo la tano, na kila shimo mtu mdogo alirusha mikono juu. "Machache! Tumekuwa tukicheza kinyume, nyinyi wote!" alikuwa akipaza sauti. "Nilikaa nikafikiria, nikaona haiwezekani huyu mtu anafurahi akianguka majini!" Fundi Ndirangu alikuwa nyuma yake na miwani juu ya paji la uso, anacheka kama mtoto.

Nikapenya mpaka mbele. "Fundi, ni mimi nilimwambia. Alhamisi. Muulize."

Fundi akageuka. "Gitau, ni kweli?"

Gitau hakuacha hata kucheza. Alionyesha tu mlango wa kabati kwa kidevu. "Fundi, soma hapo juu. Mwenye mia mbili na kumi na nne ndiye alinifundisha kupiga machache?"

Chumba kililipuka. Nimepita miji mingi tangu siku ile, nimesikia vicheko vya kila aina, lakini kile bado nakijua kama mtu anavyoijua sauti ya mlango wa kwao. Ubingwa wangu ndio uliokuwa ushahidi dhidi yangu. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mia Mbili!" na wengine wakaitikia, na jina likanishika kabla sijatoka mlangoni. Wachumaji wenzangu walijua kufikia Jumatatu. Kabla ya mwezi kwisha Gitau alikuwa amekaa kwenye ile stuli na chuma cha kulehemu mkononi, nami nilikuwa nimepanga chumba Kiandutu, mbali na kila mtu aliyeniita vile. Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa kuhama: mashamba ya maua, kufua, kuuza mitumba, miaka miwili jikoni kwenye hoteli ya madereva. Ufundi nilijifunza mwenyewe kwa kubomoa redio mbovu na kuchomelea kwa msumari niliopasha moto kwenye jiko la makaa. Najua sasa sauti inaingiaje kwenye waya. Ilinichukua miaka kumi na mmoja kujua kile ambacho kwenye stuli ile ningejua kwa mmoja.

Baada ya mazishi tulikwenda nyumbani kwa marehemu, mtaa wa Ngoingwa, kula. Wanaume walikaa chini ya hema, wanawake tukajaa jikoni na uani kati ya sufuria za mukimo na kuku. Niliosha sahani ili niwe na kitu cha kushika. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wakisema kwamba Gitau ndiye aliyelipia hema, na kwamba ana nyumba kubwa Mugutha yenye lango linalojifungua lenyewe. "Na alianza bila kitu," mmoja akasema. "Akili tu." Nilisugua sahani ile mpaka ua lake likaanza kufifia. Kisha mzee mmoja akapita kutafuta maji ya kunawa, akanikazia macho. "Ai! Si wewe ni Mia Mbili? Kumbe uko hai!"

Mjane, Mama Wairimu, alimsikia. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye kibaraza cha nyuma ambako hapakuwa na mtu, akanimiminia chai. "Alikuwa akikuulizia," akasema. "Hata mwaka huu, akiwa kitandani."

"Aliulizia nini?"

"Uko wapi. Muthoni, mzee alijua. Mwaka uliofuata tu alijua. Gitau alikuwa akifika shimo la saba anaanguka majini, kila siku majini. Mzee akasema, huyu kijana aliambiwa nusu. Mwenye ile nusu ingine ndiye aligundua."

Chai ilikuwa moto na niliishikilia hivyohivyo. "Mbona hakuniita?"

"Gitau tayari alikuwa anajua kazi. Wateja walimpenda." Akatazama chini. "Na mzee aliona haya."

Nimewahi kusikia watu wakisimulia kwamba ukweli ukijulikana moyo unatulia. Wangu haukutulia. Miaka yote nilikuwa nimemhesabu Fundi kama mtu aliyedanganywa, na sasa naambiwa alikaa kando ya mwizi, akamfundisha, akijua. Huyo naye sijamaliza naye, na ameniwahi kwa kufa. Nilikuwa nimepanga kuondoka baada ya chai. Nikaamua kubaki.

Ndani ya nyumba watoto walikuwa wametoa mashine. Hotuba ya Gitau iliwatia hamu, na Fundi, ambaye maishani hakuacha kitu kipotee, alikuwa ameiweka pamoja na televisheni ya zamani yenye mgongo ndani ya lile kabati la kijani, ambalo sasa lilisimama sebuleni. Mjukuu wake Nyambura, msichana wa miaka kumi hivi, alikuwa ameshapachika waya zote sawasawa, lakini skrini ilionyesha chengachenga tu, kama mchele. Gitau alikuwa kwenye kochi na sahani mapajani. "Hiyo imekufa," akasema. "Nitatuma vijana wangu wa dukani waiangalie."

"Nani ana raba ya penseli?" nikauliza.

Nyambura akaniletea. Nikachomoa kaseti, nikasugua yale meno yake ya shaba, upande huu na upande ule, nikapangusa kwa kanga, nikairudisha. Muziki ukaanza. Ule muziki. Watu wa hema wakaanza kuchungulia dirishani, na watoto, wakimwita babu kwa Kikuyu, wakaimba, "Guka Gitau! Guka Gitau!" Alicheka, akavua koti, akachukua pedi. Hapo ndipo aliponitambua vizuri, nadhani, kwa sababu kicheko kilipungua kidogo.

"Kuna mahali pa kuchagua shimo," Nyambura akasema. "Tuanze na gani?"

"La saba," nikasema.

Sasa nieleze upepo. Mashimo mengine yote, kwenye ramani ndogo, unacheza kuelekea juu ya skrini, kwa hiyo mshale wa upepo ukielekea kulia, upepo unakwenda kulia kwako. Shimo la saba linakwenda chini. Mchezaji amegeuka, lakini mshale unafuata ramani, haumfuati mchezaji. Kulia kwa mshale ni kushoto kwako. Niliona hilo siku nilipolishika daftari langu juu chini kwa bahati. Na kushoto, shimo zima, ni bwawa.

Mshale ulielekea kulia, Gitau akapiga. Mpira ukapaa vizuri, ukapinda, ukaingia majini. Akapiga tena, akilenga zaidi kuelekea bwawani kupambana na upepo ambao haukuwa upande huo. Majini. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. Saba. Tisa. Kumi na moja. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Wazee waliingia, wakasimama na vikombe vyao vya chai. Kwenye kumi na tano aliegemea upande wangu kana kwamba anachukua kitambaa, akanong'ona, "Muthoni, huu upepo unasomwaje? Niambie mimi peke yangu."

Maneno yaleyale. Sijui kama alikumbuka. Mimi nilisikia harufu ya madondo.

"Gitau ananiuliza," nikasema kwa sauti iliyofika hemani, "upepo wa shimo la saba unasomwaje."

Nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, taratibu, nikionyesha kwa kidole kwenye skrini. Nilipomaliza, yule mzee wa jikoni akasema, "Lakini Gitau, si wewe ndiye uligundua hii gemu?"

Aliendelea kupiga, na ingawa sasa alijua, vidole vilikuwa vimemwacha. Mpira ulipoingia shimoni hatimaye, Nyambura aliruka juu. "Thelathini na moja! Guka ameshinda! Ona, huyu mtu anamwinamia!"

"Hapana, mami," nikamwambia. "Hapo anaona aibu. Kwa huu mchezo mwenye nyingi ndiye wa mwisho."

"Nani alikwambia?"

"Kedi mmoja wa Ruiru. Nami nikamwambia mtu mmoja tu. Muulize guka ni nani alimwambia yeye."

Mtoto akamgeukia, na watu wote pamoja naye. Gitau aliweka pedi chini kwa uangalifu, kama kitu cha kuvunjika. "Ni yeye," akasema kwa sauti ya chini.

"Sauti, Gitau. Makaburini ulikuwa na kipaza sauti."

Akasimama. "Ni Muthoni aliniambia. Mimi sikugundua."

Mama Wairimu alikuwa mlangoni. Alifungua droo ya meza akanipa kipande cha chaki. Nikaenda kwenye mlango wa kabati la kijani, ambako jina langu lilifutwa zamani, nikaandika kwa herufi kubwa: GITAU 31. Shimo moja. Kisha nikarudi jikoni nikala sahani mbili za mukimo, na Nyambura akaja kuniomba nimwonyeshe daftari, ambalo nilikuwa nalo mkobani, pembe zimeliwa na panya. Nilimwonyesha. Sikumpa.

Jumatatu nilipita mbele ya duka la Gitau la Thika, ingawa si njia yangu. Mmoja wa watoto alikuwa amechukua video kwa simu, na video hazikai mahali pamoja. Vijana wawili walikuwa wakishusha televisheni kutoka kwenye pikapu. "Weka pole pole," mmoja akasema, "Thelathini na Moja ako ndani." Mwenzake akacheka. Nikajifanya natafuta kitu mkobani, nikangoja mpaka wakalitaja tena jina lile, ndipo nikaenda zangu.